Figo ya Kushoto ya Mama Mdogo

Kabla sijasema lolote, mjue kwamba mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu nyingi zimesababishwa na mwanamke mmoja tu: mama yangu mdogo. Wapangaji wa jengo letu wanamwita Spana, naye huitika bila kinyongo. Ni fundi bomba. Ana miaka arobaini na sita, mfupi, mabega mapana, na kwa miaka ishirini na mbili sijamwona kazini bila ovaroli ya bluu yenye mifuko tisa. Si ileile, jamani, ameshazichakaza nyingi, lakini zote nilizishona mimi tangu nilipoweza kukanyaga cherehani.

Kibanda changu cha ushonaji kiko chini kabisa, ubavuni mwa ngazi. Nyuma ya kiti changu, ukutani, limepita bomba kuu linaloshuka kutoka kwenye tangi la juu ya paa. Jengo lina ghorofa sita na lifti iliyokufa zamani, sasa tunaweka mafagio humo. Mama Mdogo akitaka kukagua tangi anapanda ngazi zote, kisha anakwea ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani, anatokeza kwenye tundu la paa. Akishafika salama anagonga bomba kwa spana mara tatu. Ko, ko, ko. Mlio unashuka na bomba mpaka mgongoni kwangu, nami najua hajaanguka. Utaratibu huo tuliuanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, mwaka aliofariki mama yangu.

Mama alikufa kwa presha. Alikuwa anafua, akasema kichwa kinamuuma, akaketi kando ya beseni, na hakusimama tena. Mama Mdogo alikuja kunichukua moja kwa moja kutoka kazini, msichana wa miaka ishirini na minne asiye na mume, asiye na mtoto, asiyejua kupika, na hajui mpaka leo. Akaniambia, "Sasa ni mimi na wewe. Nikiwa juu nitakuwa nakugongea." Kwa hiyo watu wakisema nina wasiwasi uliopita kiasi juu yake, nawaambia waniache. Yeye ndiye mama niliyebaki naye.

Kwa kazi yake hana mpinzani. Nitawapa kisa kimoja tu. Kuna mwalimu mstaafu anakaa ghorofa ya nne, mzee mmoja anayelalamika kwa Kiswahili sanifu, ambaye alianza kushuka kila asubuhi na kindoo chake kutuonyesha kwamba maji yake "yanachuruzika mithili ya machozi ya mnafiki." Msimamizi wa jengo, bwana wa tai fupi na funguo nyingi, hakujiuliza mara mbili. Alipanda juu akaongeza nguvu ya pampu. Kwa mwalimu hali ikawa ileile, akalalamika tena, msimamizi akaongeza tena. Siku ya tatu koki ya jikoni ya ghorofa ya pili iliruka ikagonga dari, na mama anayekaa humo akaoga bila kupenda.

Mama Mdogo ana desturi yake. Hagusi pampu kabla hajaenda kwa anayelia. Alikwenda kwa mwalimu, akabandika sikio kwenye bomba linaloingia kwake, akafumba macho. "Linavuma," akasema. "Maji yakipita pembamba lazima yavume." Alipokikata kipande kile cha bomba, ndani kulikuwa na kutu tupu, tundu lililobaki halipitishi hata kidole cha mwisho. Akaweka kipande kipya, akaishusha pampu, na jengo zima likatulia siku hiyohiyo. Kisha akampa msimamizi vidonge vyake. "Mwalimu hakusema uongo. Kwake maji yalikuwa kidogo kweli. Kosa lako ni kudhani jengo zima lina kiu kwa sababu yeye ana kiu."

Sasa niambieni, mtu mwenye akili hiyo anawezaje kuwa mjinga kuhusu mwili wake mwenyewe? Anaweza. Subirini.

Mwaka jana wenye jengo walileta fomu. Kila anayefanya kazi juu ya paa apimwe afya na daktari atie sahihi, muda ni miezi mitatu. Asiyetiwa sahihi atahamishiwa kazi nyingine, na kazi nyingine iliyokuwepo ni ya kukaa kwenye meza ya mlangoni kuandika majina ya wageni. Mama Mdogo alikwenda kupimwa akipiga mluzi, akarudi kimya. Presha yake ilikuwa mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na mbili.

"Mashine yao mbovu," akaniambia.

"Mashine ndiyo mbovu, au wewe?"

"Nimetembea sana kwenda kule, moyo ulikuwa unadunda."

"Mama Mdogo, zahanati iko ng'ambo ya barabara!"

Alipewa dawa. Haikutosha, akaongezewa ya pili, kisha ya tatu, ile ya kukojoza. Chumvi nikaificha kwenye kopo la vifungo. Presha ilishuka kidogo, shingo upande, halafu ikagoma. Na mimi huku chini nilikuwa nashona mikono ya mashati kinyume, kwa sababu kila nikiinama naliona lile beseni la mama. Niliogopa, sifichi. Usiku na mchana niliogopa.

Yeye alichokiogopa ni meza. "Nikae pale mlangoni nimeshika kalamu kama karani wa harusi? Afadhali mnizike." Nilimwambia asirudie neno hilo mbele yangu, nikaubamiza mkasi mezani mpaka mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akasema atarudi siku nyingine. Hajarudi.

Zikiwa zimebaki siku kumi, Mama Mdogo akapata mpango, na kwa kuwa anajua mdomo wangu, hakuniambia. Aliwaza kifundi. Ukitaka kupunguza nguvu ya maji kwenye mabomba, punguza maji yenyewe. Kwa hiyo akaacha kunywa maji. Kikombe kimoja asubuhi cha kumezea dawa, basi, na juu ya paa jua linachoma, na ile dawa ya kukojoza inaendelea kumkamua. Niliona midomo inapasuka nikadhani ni upepo. Mtu mwingine yeyote asingewaza hivyo, si mwalimu wala mimi. Ni fundi bomba peke yake anayeweza kujifungia koki akaona amefanya la maana.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alipita kibandani akaniambia anakwenda kuangalia boya la tangi. Nilikuwa napinda suruali. Baada ya muda nikasikia, ko. Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. Nikasubiri la pili. Halikuja.

Ngazi za jengo letu ni mia moja na nane, nazijua kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nazihesabu. Siku ile sikuhesabu kitu. Nilimkuta ameketi, ameegemea tangi, uso wa kijivu, spana ameishika kwa mikono miwili. "Nimekaa kidogo tu," akasema. "Usipige kelele."

Nikapiga kelele. Msimamizi akaja mbio, funguo zinalia, na mwalimu nyuma yake anahema. Wakati nampepea Mama Mdogo kwa aproni ndipo akanimwagia mchele wote, mambo ya kufunga maji, tena kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa. Lo! Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. "Yaani umeegemea lita elfu kumi za maji, na unakufa kwa kiu?" Nilimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, huku nalia na kumgombeza kwa zamu. Msimamizi alimfunga kamba kiunoni tukamshusha polepole, na yeye, hali ile ile, anamkosoa fundo.

Hospitali walimtundikia dripu na kumtoa damu ya vipimo. Daktari wetu alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mbele tu. Mambo hayo huwa nayaona. Jioni alivuta kiti akaketi karibu na kitanda.

"Mama, nani alikushauri uache maji?"

"Kichwa changu."

"Basi kichwa chako na figo zako havikuelewana. Mwili si tangi, mama. Ukipunguza maji, haukai ukakuangalia. Kwenye figo, pale damu inapoingilia, kuna seli zinazopima msukumo wa damu. Zikiona umepungua, zinamwaga kwenye damu kitu kinaitwa renini."

"Jina la sabuni," akasema Mama Mdogo.

Daktari akacheka, akaendelea kwa upole uleule. Alisema renini inakutana na protini iliyotengenezwa na ini, inaikata kipande. Kipande hicho kikipita mapafuni kinakatwa tena, na ndipo inapatikana anjiotensini, ambayo ndiyo yenye kazi. Inabana mishipa mwili mzima. Inaamsha kiu. Kisha inazifikia tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo zinatoa aldosteroni, ambayo inaiamuru figo isiachie chumvi. Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo. Mishipa imebana, maji yamezuiwa, presha inapanda.

"Kwa hiyo nilipoacha maji..."

"Figo zilidhani kumeingia ukame, zikaanza kupiga kelele. Dawa zako nazo zinaziba njia ya kelele hizo. Uliposimama juani mwili ukakosa pa kujishikilia, presha ikaporomoka ghafla, ukaporomoka nayo. Na figo zimeumia kidogo. Ukinywa maji zitapona."

Nilifungua mdomo ili nimalizie pale daktari alipoachia, nikaona Mama Mdogo amenyamaza. Si kunyamaza kwa aibu. Nakujua kunyamaza kule, ni kwa mtu mwenye bomba kichwani. Nikafunga mdomo.

"Daktari," akasema, "huyo anayepima anakaa wapi? Kwenye bomba kuu, au kwenye tawi?"

"Kwenye tawi. Ndani ya figo yenyewe, mlangoni."

"Na kila figo ina wa kwake?"

"Ndiyo, mama."

Akajiinua kwenye mto, dripu ikayumba. "Sasa kama tawi lenyewe ndilo limebanwa? Bomba kuu limejaa, mwili mzima umejaa, lakini pale kwake yanachuruzika. Huyu si atalia kila siku kwamba hakuna maji? Na wote huko si watamsikiliza, waongeze pampu, waongeze pampu?" Akanigeukia, macho yamemtoka. "Mwanangu! Ni mwalimu wa ghorofa ya nne!"

Daktari alikuwa hamjui mwalimu wetu, lakini alikuwa ameshaweka kalamu chini. "Ugonjwa huo upo," akasema taratibu. "Nilikuwa nimeanza kuushuku. Dawa tatu zinashindwa, potasiamu yako iko chini, na figo zimeipokea vibaya moja ya dawa. Nilitaka kesho..."

"Kesho ya nini? Weka sikio. Bomba lililobanwa huvuma."

Haki ya Mungu, aliinuka. Akaweka kile chombo chake cha kusikilizia juu ya kitovu, upande wa kulia. Kimya. Akakihamishia kushoto, akafumba macho vilevile kama afumbavyo Mama Mdogo akiwa kazini. Nilikuwa nimeukunja ukingo wa shuka mkononi mpaka vidole vinauma.

"Linavuma," akasema daktari.

Mama Mdogo akanitazama kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Umesikia? Linavuma!" Ni mimi niliyelazimika kumkumbusha kwamba bomba lenyewe ni lake.

Picha zilithibitisha. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya kushoto ulikuwa umekunjamana na kubana, umefanana na uzi wa shanga, na daktari akasema ugonjwa huo huwapata zaidi wanawake, wala si kosa la chumvi wala la mtu. Nilimuuliza, kwa sauti iliyotoka vibaya, kama mama yangu naye alikuwa na hiyo. Alisema huenda, ila sasa hakuna wa kuweza kujua. Akanipima na mimi papo hapo. Nilikuwa mia moja kumi na nane kwa sabini na sita, na daktari akakiri kwamba kwa jinsi alivyonisikia nikigomba alitegemea kubwa zaidi.

Siku za fomu zilikuwa zinayoyoma. Hapo ndipo mwalimu alipotuonyesha kwamba Kiswahili sanifu kina kazi nyingine zaidi ya kulalamika. Aliwaandikia wenye jengo barua ya kurasa tatu, akapita nayo mlango kwa mlango, na kila mpangaji akatia sahihi, hata mama wa ghorofa ya pili aliyeogeshwa na koki. Wenye jengo wakaongeza mwezi mmoja.

Matibabu yenyewe Mama Mdogo aliyapenda kupita kiasi. Daktari bingwa alipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani, akaupandisha mpaka kwenye lile tawi, kisha puto dogo likapulizwa ndani likapanua pale palipobana. Hawakumlaza usingizi. Kosa kubwa! Kutoka nje ya mlango nilimsikia: "Taratibu hapo kwenye kona, usilazimishe. Hilo puto ni saizi gani?" Bingwa alitoka anatokwa jasho, akaniambia mgonjwa anaendelea vizuri na kwamba amempa nafasi ya kazi kama msaidizi wake.

Baada ya wiki mbili tulirudi kwa daktari wetu. Akafunga kile kitambaa mkononi mwa Mama Mdogo, akapuliza, akasoma: mia moja ishirini na sita kwa themanini.

"Mashine yako mbovu," akasema Mama Mdogo.

Daktari akapima tena. Ileile. Akaleta mashine nyingine. Ileile. Ndipo Mama Mdogo akanyoosha mkono, akaomba kile chombo cha kusikilizia, akakivaa masikioni na kujiwekea mwenyewe tumboni, upande wa kushoto. Akafumba macho. Tulikaa hivyo muda mrefu, hata muuguzi aliyechungulia akarudi nyuma.

"Kimya," akasema.

Machozi yalikuwa yanamshuka. Sikuwahi kuyaona machozi ya Mama Mdogo, hata siku tuliyomzika mama, kwa sababu siku ile alikuwa na kazi ya kunishika mimi. Nikamshika mimi. Daktari akajifanya anatafuta kalamu, ilhali iko mfukoni mwake, kisha akaisaini fomu. Masharti: dawa moja badala ya tatu, kupimwa kila mwezi, na kunywa maji. Hilo la maji alilipigia mstari mara mbili.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya ule mwezi wa nyongeza, Mama Mdogo alipita kibandani na ovaroli mpya. Nilikuwa nimeiongezea mfuko wa kumi, wa chupa ya maji. Akaupapasa, akaguna. Msimamizi alijitolea kumfuata juu, akaambiwa akae na funguo zake.

Nami nilipiga moyo konde, nikabaki chini. Nilichomeka kitambaa chini ya sindano, lakini sikukanyaga pedali. Nilisikia viatu vyake vikipanda, ghorofa ya kwanza, ya pili, mpaka vikapotea. Nikageuza kiti, nikaliangalia bomba.

Ko.

Nikashika ukingo wa meza.

Ko.

Kisha hakuna. Niliposimama nilikiangusha kiti. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Ko.

Nikarudi nikaweka paji la uso kwenye bomba, nikalia kama mtoto wa miaka kumi na mmoja. Miaka yote ile nimekuwa nasikiliza tu, sijawahi kumjibu hata siku moja. Nikachukua mkasi, nikagonga kwa mpini wake mara tatu. Kabla sijaushusha mkono, bomba likalia tena, na safari hii mlio ulitoka katikati: mwalimu, ghorofa ya nne, anagonga kwa kijiko. Kisha ghorofa ya pili. Kisha ya tano, ya kwanza, ya sita. Kumbe miaka yote jengo zima lilikuwa linasikiliza pamoja nami. Bomba zima likawa linatetemeka chini ya kiganja changu.

Simu yangu ikaita. Ni Mama Mdogo, kutoka juu.

"Ni nani hao wanaogonga bomba langu?" akafoka. "Waambie waache, watalegeza maungio yote!" Lakini sauti ilikuwa inamkatika, na nilimsikia akipenga kamasi. "Wewe nawe, kwa nini ulichelewa kujibu?"

"Nilichelewa mimi? Wewe la tatu ulikuwa umeliweka wapi?"

"Nilikuwa nakunywa maji," akasema.